Viwango vya saratani kushuka baada ya miaka 80: ni kuzeeka, ni uchujaji wa watu, au ni data?

Mwanarika aliuliza:

Habari wanajukwaa. Nina data za daftari la saratani kwa makundi ya umri ya miaka mitano mitano, kuanzia 0–4 hadi "85 na kuendelea", pamoja na jedwali la vifo vya sababu zote kwa kipindi hichohicho. Lengo ni modeli moja inayounganisha mambo matatu: kupata saratani, kuzeeka kwa mwili, na muda wa kuishi.

Nikichora logi ya kiwango cha wagonjwa wapya dhidi ya logi ya umri, nukta za kati ya miaka 35 na 74 zinakaa karibu kabisa kwenye mstari, na mwinamo wake unakaribia 6, kama Armitage na Doll walivyoonyesha mwaka 1954. Baada ya 75 mstari unapinda, na kundi la mwisho liko chini ya lile linalolitangulia. Vifo vya sababu zote havipindi hivyo. Logi yake dhidi ya umri wenyewe imenyooka, vikiongezeka maradufu kila miaka 8 hivi, kama alivyoeleza Gompertz mwaka 1825.

Naomba msaada kwa haya: je, kushuka huko kuna maana kwamba uzee unazuia saratani? Nitumie modeli ipi kueleza kushuka huko? Na nikitaka kukadiria watu wangeishi miaka mingapi zaidi saratani ikiondolewa, inatosha kuchukua 1 kutoa Kaplan–Meier (kikadirio cha sehemu ya watu ambao bado hawajapatwa na tukio) ya saratani?

---

Mizania alijibu:

Kabla ya kugusa modeli, tenganisha vipimo vitatu ambavyo huchanganywa kila mara. Cha kwanza ni kiwango cha hatari: kati ya waliofika umri fulani bila saratani, wangapi wanaipata ndani ya mwaka mmoja. Cha pili ni fungu la saratani katika vifo vyote vya umri huo. Cha tatu ni uwezekano limbikizi: kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, wangapi watakuwa wamewahi kuipata kufikia umri huo. Hiki cha tatu hakiwezi kushuka kamwe. Cha pili hushuka hata pale cha kwanza kinapopanda bila kusita, na hilo linathibitika kwa kalamu tu.

Tuseme vifo vya saratani vinakua kama umri kwa kipeo cha 6, na vifo vyote vinakua kwa b = 0.0866 kwa mwaka (0.693 gawanya kwa 8). Kasi ya ukuaji ya saratani katika umri t ni 6/t: kwenye miaka 40 ni 0.15, kwenye 60 ni 0.10, kwenye 80 ni 0.075. Kasi ya vifo vyote ni ileile 0.0866 maisha yote. Mbili hizi zinalingana pale t = 6/0.0866, yaani miaka 69. Kabla ya hapo saratani inakimbia kuliko vifo vingine, baada ya hapo inaachwa nyuma. Kama fungu lake kwenye kilele ni asilimia 30, basi kwa umbo hilohilo ni asilimia 14 kwenye miaka 40, 28 kwenye 60, 28 tena kwenye 80, 24 kwenye 90 na 19 kwenye 100. Hakuna kinga yoyote iliyoingia humo. Ni kipeo kushindana na ukuaji wa asilimia isiyobadilika, na asilimia hushinda mwishoni.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha chati ya mafungu ya vifo akasema uzee unakinga saratani, hajaonyesha kitu. Wewe hata hivyo unazungumzia kiwango chenyewe, na hapo lazima data zichunguzwe kabla ya biolojia. Mambo ninayoyaangalia, kwa uzito wake:

Kundi lililo wazi juu. "85 na kuendelea" umeliweka kwenye umri gani? Miaka-watu (jumla ya miaka iliyoishiwa na watu wote wa kundi) imerundikana upande wa chini wa kundi, kwa hiyo tumia wastani wa umri uliopimwa kwa miaka-watu kutoka kwenye jedwali lako la vifo, usikisie. Ukiliweka kwenye 90 wakati wastani halisi ni 88, mstari wa kipeo cha 6 utatarajia kiwango kilicho juu kwa asilimia 14 kuliko inavyostahili, na mpindo utakuwa umekuzwa bure. Kama unaweza kupata 85–89, 90–94 na 95 na kuendelea, fanya hivyo.

Kigawanyo. Daftari hugawanya wagonjwa wapya kwa watu wote wa umri huo, wakiwemo waliokwisha kugunduliwa na saratani hiyo, na hata wasio na kiungo chenyewe. Mwanamke aliyeondolewa mji wa mimba hawezi kupata saratani ya mji wa mimba, lakini bado yumo kwenye kigawanyo. Kama unahesabu saratani ya kwanza ya aina yoyote, na mtu mmoja kati ya watano katika kundi la juu amekwisha kuwa nayo, kiwango chako kinapaswa kuzidishwa kwa 1.25 kabla ya kusema lolote.

Ugunduzi. Mgonjwa wa miaka 90 mwenye moyo dhaifu mara nyingi hapelekwi kwenye vipimo vya kuingiza kamera wala kukatwa kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi, kwa kuwa jibu halingebadilisha matibabu. Angalia asilimia ya wagonjwa waliojulikana kwa cheti cha kifo pekee, na asilimia waliothibitishwa kwa hadubini, katika kila kundi la umri. Ya kwanza ikipanda na ya pili ikishuka kuanzia 80, sehemu ya mpindo wako ni ya hospitali, si ya seli.

Kizazi. Data za kipindi kimoja zinaweka pamoja watu waliozaliwa miaka tofauti. Waliofika 85 leo hawakuvuta sigara kama waliofika 65. Kwa saratani ya mapafu umri hata si saa sahihi: Doll na Peto mwaka 1978 walipata kwamba kwa wavutaji hatari inafuata (umri kutoa 22.5) kwa kipeo cha 4.5, ikizidishwa kwa (sigara kwa siku jumlisha 6) kwa kipeo cha 2. Ukichanganya wavutaji na wasiovuta kwenye mhimili wa umri mtupu, mwinamo utakaopata hauna maana ya kibiolojia.

Jambo hilo la saa linakugusa hata nje ya tumbaku. Kati ya seli ya kwanza kuwa mbaya na siku ya kugunduliwa hupita muda. Ukiuita τ, na idadi ya hatua ambazo seli hupitia katika modeli ya Armitage na Doll ukiiita k, hatari ni (t – τ) kwa kipeo cha k – 1, na mwinamo unaouona kwenye logi kwa logi ni (k – 1) × t/(t – τ). Kwa τ ya miaka 10, kwenye umri wa 60 mwinamo halisi wa 5 unaonekana kama 6. Usitangaze "hatua saba" kwa sababu ya nambari hiyo moja.

---

SeliShina alijibu:

Naunga mkono yote ya Mizania. Sasa tuseme umesafisha data na mpindo bado upo. Kuna maelezo matatu ya kihisabati, na kila moja linaacha alama tofauti.

La kwanza ni kwamba modeli ya Armitage na Doll yenyewe ni makadirio. Inachukulia kila mpito kuwa adimu na seli kutoongezeka kati ya hatua. Modeli ya hatua mbili yenye ukuaji wa ukoo wa seli, iliyotoka kwa Moolgavkar na Venzon mwaka 1979 kisha Moolgavkar na Knudson mwaka 1981, inaruhusu seli zilizogeuka mara moja kugawanyika (kwa kasi α) na kufa (kwa kasi β) kabla ya mgeuko wa mwisho (kwa kasi μ). Seli mpya zilizogeuka mara moja huzaliwa kwa kasi ν kwa mwaka katika kiungo chote. Tofauti g = α – β ndiyo inayotawala kila kitu. Kwa μ ndogo, fomula ndefu ya hatari inakaribia umbo hili rahisi:

h(t) ≈ (νg/α) ÷ [1 + e^(–g(t – t\*))], ambapo t\* ≈ (1/g) × ln(g²/(αμ))

Chukua α = 10 kwa mwaka, β = 9.9, μ = 0.000001. Basi g = 0.1, na t\* inatoka ln(1000)/0.1, yaani miaka 69. Kabla ya t\* hatari inakua kwa asilimia ileile kila mwaka, maradufu kila miaka 6.9, ikifanana mno na Gompertz. Kwenye t\* imefika nusu ya uwanda, yaani kimo ambacho haikizidi. Baada ya hapo inatambaa kuelekea uwanda wa νg/α na kubaki hapo. Sehemu g/α, hapa 0.01, ni uwezekano wa ukoo mpya kutokufa wenyewe. 99 kati ya 100 hutoweka bila mtu kujua.

Maana yake kwako ni kubwa: kupinda peke yake hakuhitaji kuzeeka wala tofauti za watu. Lakini modeli hii, parameta zikibaki zilezile, haishuki. Inakuwa tambarare. Kundi lako la mwisho likiwa chini kweli, unahitaji kitu cha ziada.

Onyo moja ambalo wengi wanaliruka. Kutokana na viwango vya umri pekee, data haziwezi kutenganisha ν, α, β na μ zote nne. Zinatoa michanganyiko mitatu tu: kimo cha uwanda, g, na mahali pa t\*. Programu ikikupa thamani nne zenye makosa ya kawaida yanayovutia, kuna kitu kimefungwa kimyakimya ndani yake. Funga mwenyewe α kwa thamani inayotetewa na vipimo vya kugawanyika kwa seli, na uiandike wazi.

Maelezo ya pili ni tofauti kati ya watu. Vaupel, Manton na Stallard waliliweka hili vizuri mwaka 1979: kila mtu ana kizidishi chake cha hatari, walio hatarini zaidi huondoka mapema, na waliobaki ni wale wagumu. Kama kizidishi kinafuata mgawanyo wa gamma wenye wastani 1 na varianzi (kipimo cha mtawanyiko) σ², kiwango tunachokiona ni h(t) ÷ (1 + σ²H(t)), ambapo H ni hatari limbikizi ya mtu wa wastani. Hili linaleta kushuka, si kutandaa tu. Tatizo ni ukubwa wa σ² unaohitajika. Kwa h inayokua kama t kwa kipeo cha 6, kilele kinatokea pale σ²H = 6, na hatari limbikizi inayoonekana hapo ni ln 7 ÷ σ². Weka kilele kwenye miaka 85. Kwa saratani zote pamoja, tuseme uwezekano limbikizi hadi hapo ni asilimia 40, σ² inatoka 3.8. Ni kubwa, lakini inafikirika. Kwa saratani moja yenye uwezekano wa asilimia 5, σ² inatoka 38. Hiyo ina maana kwamba takriban asilimia 87 ya watu wana hatari iliyo chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani, na mzigo wote umebebwa na wachache. Sioni saratani ya kawaida inayoishi katika dunia hiyo.

La tatu ni kuzeeka kwenyewe kubadilisha parameta, na ndilo lililo karibu na swali lako la msingi. Kuzeeka kunasukuma pande zote mbili. Mabadiliko ya jeni hulimbikizana karibu kwa mstari ulionyooka: kwenye vijishimo vya utumbo mpana wa binadamu ni takriban 47 kwa mwaka, dhidi ya karibu 800 kwa panya, kwa mujibu wa ulinganisho wa spishi 16 za mamalia uliochapishwa mwaka 2022. Seli za damu zenye mgeuko kwenye jeni kama DNMT3A na TET2 huongezeka na kuwa koo kubwa za seli. Ni nadra kabla ya miaka 40, na hupatikana kwa mtu mmoja kati ya kumi hivi waliopita 65. Kinga nayo inachakaa: uzalishaji wa seli T mpya hupungua nusu kila miaka 16 hivi, nawe unaweza kuuingiza kama kizidishi e^(0.044t). Hayo yote yanapandisha. Kinachoshusha ni seli shina kugawanyika polepole zaidi na seli nyingi kuacha kugawanyika kabisa. Katika modeli, g inapungua kuanzia umri fulani, na kwa kuwa uwanda ni νg/α, uwanda nao unashuka taratibu. Pompei na Wilson mwaka 2001 walilifupisha kwa kuzidisha t kwa kipeo cha k – 1 na (1 – βt), β hii ikiwa nyingine kabisa na ile ya juu. Inalingana vizuri na data, ila inalazimisha hatari kuwa sifuri kwenye umri 1/β, kwa hiyo usiitumie kutabiri nje ya umri ulio nao.

---

Mwanarika:

Shukrani nyingi. Tatizo langu sasa: modeli ya tofauti za watu na modeli ya g inayopungua zote zinapita kwenye nukta zangu vizuri. AIC (kipimo cha kulinganisha modeli) zinatofautiana kwa chini ya 2. Kuna njia ya kuzitofautisha zaidi ya kusubiri data za watu wa miaka 100?

---

SeliShina:

Ipo, na haihitaji watu wazee zaidi. Inahitaji kulinganisha makundi.

Gawanya data kwa kundi la hatari kubwa na la hatari ndogo: vizazi viwili tofauti, au maeneo mawili ambayo viwango vya umri wa kati vinatofautiana mara mbili. Chini ya tofauti za watu, kilele kinategemea hatari iliyokwisha kulimbikizana. Hatari ikiwa mara mbili katika kila umri, kilele kinasogea nyuma kwa kizidishi cha 2 kwa kipeo cha –1/7, yaani kutoka miaka 85 hadi 77. Chini ya kuzeeka kunakopunguza g, kilele kinabaki palepale, kwa sababu saa ya mwili haijui mkusanyiko wa hatari wa kundi. Modeli ya hatua mbili inasema jambo la tatu: kama kilichoongezeka ni ν, yaani vianzishi, t\* haisogei, kama ni μ iliyokuwa maradufu, t\* inakuja mapema kwa 0.693/g, ambayo ni miaka 7 kwa g ya 0.1. Mahali pa mpindo panasema mengi kuliko kina chake.

Jaribio la pili ni la jamaa na viungo pacha. Wawili wanaoshiriki kizidishi kilekile cha gamma, mmoja akiugua, hatari ya mwenziwe inakuwa mara (1 + σ²). Kwa σ² ya 38 ni mara 39. Chukua titi la pili la mwanamke aliyekwisha kuugua upande mmoja: jeni zilezile, homoni zilezile, maisha yaleyale. Hatari yake huongezeka mara chache tu, hata makumi haifiki. Matibabu ya kwanza huishusha kiasi, lakini si kwa tofauti hiyo. Kwa hiyo weka kikomo cha σ² kutokana na data za jamaa kwanza, kisha ndipo uuache mpindo uliobaki uelezwe na g. Usikadirie vyote viwili kwa wakati mmoja kutoka kwenye mstari mmoja wa umri. Kila kimoja kitakula nafasi ya kingine.

Na tafadhali usiandike ndani ya modeli kwamba kila kinachopunguza saratani kinaharakisha uzee. Wazo hilo lilipata nguvu mwaka 2002 pale panya ambao p53 yao, jeni inayozuia uvimbe, ilifanya kazi kupita kiasi walipopata uvimbe mchache lakini wakazeeka mapema na kufa mapema. Mwaka huohuo panya wengine walipewa nakala za ziada za p53 zikiwa chini ya udhibiti wake wa kawaida. Hao walipungukiwa saratani bila kuzeeka haraka. Uhusiano kati ya g na kasi ya kuzeeka uachwe uwe parameta yenye alama huru, chanya au hasi.

---

Jedwali alijibu:

Swali la tatu la Mwanarika limebaki, nami nadhani ndilo linaloharibu makala nyingi. Hapana, 1 kutoa Kaplan–Meier haitoshi. Kaplan–Meier ya saratani inamhesabu aliyekufa kwa moyo kama mtu aliyeacha kufuatiliwa ambaye bado angeweza kuugua kesho. Inajibu swali la dunia isiyo na vifo vingine.

Mfano wa kupimia programu yako: hatari ya saratani 0.02 kwa mwaka, hatari ya vifo vingine 0.06, miaka 15. Kaplan–Meier inatoa 1 – e^(–0.3), yaani asilimia 26. Uwezekano halisi, ukizingatia hatari zinazoshindana, ni (0.02/0.08) × (1 – e^(–1.2)), yaani asilimia 17.5. Kadiri vifo vingine vinavyoongezeka ndivyo pengo linavyopanuka, kwa hiyo kosa hili ni kubwa zaidi uzeeni, palepale unapotaka kusema jambo. Tumia kikadirio cha Aalen–Johansen, kinachozingatia hatari zinazoshindana. Kwenye programu ya R, paketi ya survival inakitoa ukiipa hali ya mwisho yenye ngazi zaidi ya mbili.

Kwa rigresheni, swali la sababu linahitaji kiwango cha hatari cha kila sababu peke yake. Modeli ya Fine na Gray ya mwaka 1999, inayokadiria moja kwa moja uwezekano limbikizi wa sababu moja, ni nzuri kwa kutabiri, lakini vizidishi vyake vinachanganya njia mbili: dawa inayoua kwa moyo itaonekana kana kwamba inakinga saratani, kwa sababu wanaobaki kuugua ni wachache. Nimeona hitimisho la aina hiyo likipita bila kuulizwa.

Sasa kuondoa saratani. Vifo vikifuata Gompertz, kupunguza hatari ya vifo vyote kwa fungu π katika kila umri ni sawa na kuwafanya watu wote kuwa na umri mdogo zaidi kwa –ln(1 – π) ÷ b. Kwa π ya asilimia 25 na b ya 0.0866, ni miaka 3.3. Watu wengi hushangaa kuona nambari ndogo hivyo kwa ugonjwa mkubwa hivyo, lakini mpinzani ni mkali: hata ukipunguza vifo vyote kwa nusu unapata miaka 8 tu, muda uleule wa kuongezeka maradufu. Katika data halisi π haifanani kila umri, kama Mizania alivyokokotoa, hivyo fanya kwa jedwali: toa kiwango cha vifo vya saratani kutoka kiwango cha vifo vyote katika kila kundi, jenga upya safu ya wanaonusurika, jumlisha miaka.

Hesabu hiyo inabeba dhana moja nzito: kwamba ambaye angekufa kwa saratani, akiokolewa, anakabiliwa na vifo vingine kama mtu yeyote wa umri wake. Tsiatis alionyesha mwaka 1975 kwamba data za muda na sababu ya kifo pekee haziwezi kuthibitisha wala kukanusha dhana hiyo. Usiifiche. Endesha hali tatu: udhaifu wa saratani na wa vifo vingine bila uhusiano, wenye uhusiano chanya, kama sigara inavyofanya, na hapo faida inapungua chini ya miaka 3.3, na wenye uhusiano hasi, ambapo inazidi. Ripoti upana wote.

Kama daftari lako lina tarehe ya kugunduliwa na tarehe ya kifo kwa kila mtu, acha jedwali la makundi, nenda kwenye modeli ya hali tatu: bila saratani, na saratani, amefariki. Mipito ni mitatu: kuugua, kufa bila kuugua, kufa baada ya kuugua. Mpito wa tatu una saa mbili, umri na muda tangu kugunduliwa, na zote ziwemo, kwa sababu mwaka wa kwanza baada ya kugunduliwa una vifo vingi kuliko mwaka wa sita hata kwa mtu wa umri uleule. Miaka aliyoishi mtu kabla ya kugunduliwa ihesabiwe kwenye hali ya kwanza. Ukiihamishia kwa wagonjwa kwa sababu "hatimaye aliugua", umewapa wagonjwa miaka ambayo wasingeweza kufa ndani yake, na saratani itaonekana nyepesi kuliko ilivyo.

---

Mizania:

Nyongeza fupi juu ya mpito huo wa tatu. Vifo vya wagonjwa wazee visitafsiriwe moja kwa moja kama ukali wa uvimbe. Mgonjwa wa miaka 85 angekuwa na hatari kubwa ya kufa hata bila saratani, na mara nyingi hupewa dozi pungufu. Toa kwanza vifo vinavyotarajiwa kwa umri, jinsia na mwaka wake kutoka kwenye jedwali la jamii, kisha kadiria kinachozidi. Mbinu ya Pohar Perme ya mwaka 2012 ndiyo ya kutumia pale umri wa wagonjwa unapotofautiana sana. Kwa saratani ya matiti, kwa mfano, uvimbe wa wanawake wazee mara nyingi hukua polepole na huitikia homoni, hivyo ongezeko la vifo kwa umri linaweza kuwa la mwili na la matibabu kuliko la uvimbe. Matiti pia yasipimwe kwa mstari wa Armitage na Doll hata kidogo: mwinamo unavunjika karibu na ukomo wa hedhi. Yaweke kando, au pima sehemu mbili zenye kiungo kwenye miaka 50.

Kwa ukadiriaji wenyewe, tumia Poisson (modeli ya kuhesabu matukio) juu ya idadi ya wagonjwa huku logi ya miaka-watu ikiwa kipengele kisichokadiriwa. Usipitishe mstari kwa njia ya miraba midogo kabisa kwenye logi ya viwango, kwa kuwa kundi lenye wagonjwa 6 litapewa sauti sawa na lenye 6,000, na makundi yenye sifuri yatatupwa. Devianzi (kipimo cha umbali kati ya modeli na data) ikizidi mara mbili ya nyuzi huru zilizobaki, hamia binomia hasi, inayoruhusu mtawanyiko mkubwa zaidi. Kisha anza kukadiria kuanzia miaka 30 kwenda juu, maana saratani za utotoni zina njia nyingine: retinoblastoma (saratani ya jicho ya watoto), ambayo Knudson aliieleza mwaka 1971 kwa mapigo mawili, haina nafasi kwenye mstari wa kipeo cha 6.

---

Mwanarika:

Nimeelewa. Nitatenganisha kundi la 85 na kuendelea kwanza, nirekebishe kigawanyo, kisha nilinganishe mahali pa mpindo kwa vizazi viwili kabla ya kugusa σ². Kuna jambo moja tu: nikiwa na vizazi viwili, umri, kipindi na kizazi haviwezi kukadiriwa vyote kwa pamoja, kwani kimoja ni tofauti ya viwili vingine.

---

Jedwali:

Kweli, lakini kinachopotea ni mwinamo wa mstari ulionyooka tu. Mipindo inabaki kukadirika bila kujali namna unavyogawa mwinamo kati ya kipindi na kizazi, na wewe unachotafuta ni mpindo. Ila kama uchunguzi wa mapema wa saratani hiyo ulianza katikati ya kipindi chako, ondoa miaka mitano ya mwanzo wa uchunguzi. Kipimo kipya huvuta mbele wagonjwa ambao wangegunduliwa baadaye, kisha huacha shimo baada yao, na shimo hilo likiangukia kwenye miaka 75–79 litafanana kabisa na kilele unachokitafuta.